Ulilia, nikadhani ni damu

Dada, shikamoo. Simu yangu hupokei tangu siku ile, kwa hiyo naandika hapa. Wakisema namuanika ndugu yangu, waseme.

Nimesikia umemaliza dozi ya miezi 6, makohozi hayana kitu, umepona TB. Nikashukuru. Halafu nikasikia hutoki ndani. Eti ukipaliwa na maji tu unakimbilia chumbani na kujifungia, watu wasikusikie ukikohoa. Dada, wewe?

Siku ile ulikuwa mwezi wa nne wa dawa, mashavu yameanza kurudi, umempakata mwanangu. Mtu akamtaja mama. Ukalia, ukajifuta, nami nikaona kitambaa kina wekundu. Nikamnyakua mtoto. Sikusema neno. Nikaenda kumnawisha mikono, tena kwa sabuni, mlango wazi, nawe umekaa palepale unasikia maji yakimwagika.

Kumbe ni rifampisini, mojawapo ya dawa zako za TB. Inapaka machozi, jasho, mkojo, vyote rangi ya chungwa. Nesi alikueleza, mimi hukunieleza. Ungeniambia!

Na ningefanyaje? Mtoto hajatimiza mwaka, na TB kwa watoto wa umri huo huwa kali, hufika hata kwenye ubongo. Hilo sikulitunga. Ni kweli pia kwamba inapita kwenye hewa, si kwenye kitambaa wala kikombe, na kwamba mgonjwa dawa zikimkubali, baada ya wiki chache kwa kawaida haambukizi tena. Wewe ulikuwa na miezi. Niliyasoma hayo usiku uleule, nikazima simu, nikalala. Sikukupigia.

Lakini wewe nawe ulikohoa wiki ngapi ukituambia ni mafua, tunalala chumba kimoja? Mtoto alipewa dawa za kinga kwa sababu yako, akizitapika karibu kila asubuhi. Hilo hatulisemi, kwa kuwa mgonjwa ulikuwa wewe.

Basi. Sikuja kugombana. Nenda kliniki ileile uulizie mshauri. Kukosa usingizi, kujiona mzigo, kuogopa watu, huo nao ni ugonjwa na una tiba yake. Anayekwambia ni uhaba wa imani mpuuze. Pumzi ikikubana mwone daktari, usijifungie ukiwaza imerudi. TB huacha makovu kwenye mapafu ya wengi waliopona, na hayo hayamwambukizi mtu. Nakwambia haya kwa kuwa nakupenda, si kwamba nina hatia. Mama yeyote angemnyakua mwanawe.

Ile sabuni, sawa. Ile sabuni haikuwa na haja.

Siku hizi anatamka maneno. Kila mwanamke mrefu anamwita mama mkubwa, nami namwambia siye huyo. Jumamosi nakuja naye. Nitampakatisha kwako mbele ya wote waliokuwepo siku ile. Usipofungua mlango, ujue safari hii ni wewe uliyekataa.