Shukrani kwa mama wa mwavuli, Grand-Place

Mama uliyevaa kitenge chini ya koti zito, sikukuuliza jina, nawe hukuniuliza langu. Nilikuwa nimesimama katikati ya Grand-Place, Brussels, mvua inanyesha, simu imezima, sijui njia ya kurudi stesheni. Ulinisikia nikisema "Ya Rabbi", ukanijibu kwa Kiswahili cha Bukavu: "Usiogope, mtoto wangu."

Ungeweza kunielekeza tu ukaenda zako. Wewe ulinifunika kwa mwavuli wako, ukanionyesha uwanja mzima: mnara wa ukumbi wa jiji, mita 96, Malaika Mikaeli kileleni, nyumba za vyama vya waokaji, wapika pombe na mabaharia, zenye nakshi za dhahabu. Ukaniambia mizinga ya Wafaransa iliuteketeza uwanja huo mwaka 1695, na wenyeji wakaujenga upya kwa miaka michache tu. Nikazitazama tena zile kuta, nikaziona vingine kabisa.

Kisha ukanisindikiza hadi stesheni kuu, umenishika mkono kama mwanao. Asante sana, mama. Kila nikiswali nakuombea. Mungu akuhifadhi, wewe na wanao.