Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika hadithi za ajabu hapa Dodoma

Wajukuu zangu,

Hadithi zenu nimezisoma zote. Karibu kila kivuli humo kinatoka usiku, kina macho mekundu, kinanyonga watu. Mniwie radhi, hilo ni jini tu, tena la kuazima. Kivuli kinachotisha ni kile ambacho ni wewe mwenyewe.

Chamisso, Mfaransa aliyekulia Berlin na kuandika kwa Kijerumani, alitoa kisa cha Peter Schlemihl mwaka 1814. Schlemihl anamuuzia kivuli chake mtu wa koti la kijivu, naye anapewa mfuko wa dhahabu isiyokwisha. Mnunuzi anapiga magoti majanini, anakibandua kivuli taratibu kuanzia kichwani hadi miguuni, anakikunja, anakitia mfukoni. Damu haimwagiki, Schlemihl haumwi hata kidole. Balaa linaanza akitoka juani: bibi kizee anamwambia kapoteza kivuli, mlinzi anamuuliza kakiacha wapi, watoto wanamrushia matope. Wanaomtesa ni watu, wala si giza.

Andersen, mwandishi wa Denmark, mwaka 1847 alikwenda mbali zaidi. Kivuli cha msomi kinamtoroka, kisha baada ya miaka kinarudi kimetajirika, kimevaa, na hakitaki tena kuzungumzishwa kama mtu wa nyumbani. Mwisho kinaoa binti mfalme, na msomi anauawa. Ningekuwa mimi ninayeandika kisa hicho kwa Kiswahili, ningekaa sana kwenye salamu. Kivuli kimesimama, kimenyamaza, kinangoja shikamoo. Msomi anatazama kushoto na kulia, anaona watu wanamwangalia, anaitoa. Nacho kinaitikia, “Marahaba,” bila haraka. Hapo msomaji wenu hatalala.

Kwa hiyo acheni usiku. Sisi tuna mchana ambao Wazungu wale hawakuwa nao: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa hapa Dodoma, vivuli vyote vinajificha chini ya nyayo. (Chagueni Oktoba, Machi mawingu ya mvua yatawaharibia.) Mtu aliyeuza kivuli chake anaweza kuingia Soko la Majengo saa sita na nusu, akapatana bei ya nyanya, akacheka na wauzaji, asishtukiwe na yeyote. Ila jua halimsubiri, na kwao ni mbali.

Nileteeni hadithi ya dakika hizo. Isizidi kurasa tatu, na jini asiwemo.

Babu yenu