Barua ya wazi kwa vijana wa hip hop: msomeni Grandmaster Flash kabla ya kusaini

Wanangu mnaopiga santuri na mnaochana mistari,

Nawaandikia nina uchungu. Haupiti mwaka bila kundi jingine la vijana kujikuta nje ya jina lao wenyewe. Nyimbo wameimba wao, lakini akaunti ya YouTube iko mikononi mwa meneja, jina amesajili mwenye studio, na mkataba ulisainiwa usiku huku soda zikinywewa, hakuna aliyesoma hata ukurasa wa pili. Kisha mnalia mitandaoni, mashabiki wanagawanyika, na baada ya miezi mitatu hakuna anayewakumbuka. Mnasema kana kwamba balaa hili limezuka jana. Limempata mmoja wa waasisi wa muziki huu miaka zaidi ya 40 iliyopita, naye alikuwa makini kuliko wengi wetu.

Joseph Saddler, ndiye Grandmaster Flash, alizaliwa Bridgetown, Barbados, tarehe 1 Januari 1958, akakulia Bronx, New York. Alisomea elektroniki katika shule ya ufundi ya Samuel Gompers. Wengi wenu mnamtaja kama rapa wa The Message. Huyu si rapa, na sauti inayochana katika wimbo ule si yake. Ni DJ, na kabla ya kuwa DJ alikuwa fundi.

Kool Herc, DJ wa Bronx aliyemtangulia, tangu sherehe zake za 1973, alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangojea kile kipande kifupi ambapo waimbaji na ala nyingine zinanyamaza, ngoma zikabaki peke yake. Akawa anahama kutoka santuri moja kwenda nyingine ili kukirefusha. Ila sindano aliitua kwa kukisia, mapigo yakagongana, wachezaji wakapoteza hatua. Saddler hilo lilimkera. Alitaka kipande kirudi na kurudi bila mdundo kuyumba hata chembe, na hakutegemea bahati.

Alianza na sahani ya mashine ya santuri, ile inayozunguka. Mpira unaoifunika hung'ang'ania santuri: ukiizuia santuri kwa kidole unaizuia sahani nzima, mota inalemewa, na ukiachia muziki unaanza kwa kujivuta. Akautoa mpira. Akakata kitambaa cha felti kwa duara la santuri, akakipulizia wanga na kukipiga pasi mpaka kikakakamaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo vitambaa havikuwa vigeni nyumbani. Felti laini hujikunja na kuburuza. Iliyokakamaa huteleza, hivyo sahani inazunguka chini wakati santuri imetulia juu chini ya vidole vyake.

Akaja kwenye sindano. Yenye ncha ya duaradufu ilitoa sauti nzuri zaidi, lakini ukirudisha santuri nyuma inaruka. Yenye ncha ya koni ilishika mfereji, akaichagua hiyo, sauti ikipungua uzuri kidogo. Kisha akafunga swichi na amplifaya ndogo ya kuendesha hedifoni, ili aisikie santuri ya pili kabla umati haujaisikia.

Mwisho, alama. Alichora kwa kreyoni juu ya santuri penyewe pale kipande kinapoanza, akawa anaisoma kama uso wa saa. Fanyeni hesabu muone maana yake. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Kipande cha mapigo 16, kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, ni sekunde 9.6, yaani mizunguko mitano na theluthi. Wakati santuri ya kulia inalia, unairudisha ya kushoto mizunguko hiyo hiyo, alama ikae palepale, unaishika, unaiachia juu ya pigo la kwanza. Ukikosea robo ya mzunguko tu umepoteza karibu nusu sekunde, na kila mguu ukumbini umejua. Enzi zile kugusa mifereji ya santuri kwa vidole ilikuwa haramu. Yeye aligusa.

Ninyi mna kitufe cha kulinganisha kasi, na sikatai kitumike. Lakini programu hulinganisha ile gridi ya mapigo iliyoikadiria yenyewe, na gridi ikiwa imekaa vibaya itawapotosha kwa uaminifu wote. Pigeni wimbo wa zamani wa dansi, ambapo mpiga dramu ni mtu na kasi inapanda kidogo kwenye chemko, ile sehemu ya kuchangamka, muone kitufe kinavyowaacha peke yenu mbele ya watu. DJ asiyeweza kuvuta kasi kwa mkono na kusikiliza kwa sikio moja hajajua kazi. Nalisema kwa ukali kwa sababu mnalipwa.

Hata hivyo, alipouleta ustadi huo mbele ya umati mara za mwanzo, watu hawakucheza. Walisimama wakimtazama. Akaona panahitajika sauti ya mtu: akaingia Cowboy, kisha Melle Mel na Kidd Creole, baadaye Scorpio na Rahiem. Ndio Furious Five.

Sasa tufike kwenye karatasi. Mwaka 1979 walirekodi kwa kampuni ya Enjoy Records, kisha wakahamia Sugar Hill Records, kampuni ya Sylvia Robinson. Sugar Hill ilikuwa na bendi yake ya studio, na bendi ndiyo iliyopiga muziki wa nyimbo nyingi. Tafakarini hapo: kundi linaitwa kwa jina la DJ, na DJ hana kazi kwenye rekodi. Mwaka 1981 walimpa nafasi moja ya kweli, The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel, aliyoirekodi moja kwa moja kwa mashine tatu za santuri, akikosea anaanza upya. Mwaka uliofuata ikatoka The Message. Sehemu kubwa aliiandika Duke Bootee wa bendi ile ya studio, na Melle Mel ndiye pekee wa kundi aliyechana beti zake. Jina la Flash liko kwenye jalada. Kwenye orodha ya watunzi halimo.

Mwaka 1983 Flash akaishtaki Sugar Hill, akidai dola milioni 5 za mirabaha na haki ya jina. Kundi likapasuka: Kidd Creole na Rahiem wakaondoka naye, wengine wakabaki. Akatoka na jina Grandmaster Flash, na albamu zake tatu kwa kampuni ya Elektra, 1985 hadi 1987, hazikubeba jina la Furious Five. Upande wa pili Melle Mel akaendelea kurekodi kama Grandmaster Melle Mel and the Furious Five. Kwa hiyo madukani kukawa na Grandmaster wawili, mashabiki wasijue washike yupi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu aliyepima mzunguko wa santuri kwa theluthi alifika mahakamani kutafuta jina alilojijengea mwenyewe. Mkataba wenu unabeba vitu vitatu tofauti: jina, rekodi yenyewe, na utunzi. Kila kimoja kina mwenyewe na kila kimoja kinalipa kivyake. Ukisaini "haki zote" umeviachia vyote vitatu kwa kalamu moja. Jina lisajilini mapema kama alama ya biashara, BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, na mwandike kati yenu nani anabaki nalo kundi likivunjika. Mgao wa utunzi uandikwe siku ileile ya kurekodi, kwa asilimia, kila mmoja atie sahihi kabla hajatoka studio. Kazi zenu zisajilini kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Ulizeni mkataba unaisha lini. Ulizeni gharama zipi zinakatwa kabla ya mgao.

Wazee nasi tuna deni hapa. Tunajaza viwanja vijana wakitumbuiza, tunawaita kwenye kampeni, lakini shule zinazowafundisha kusoma mkataba ziko wapi? Bronx ya Flash ilikuwa hivyo hivyo: nyumba zinaungua, serikali ya jiji haina habari nao, kisha dawa za kulevya zikaja kuchukua waliosalia. Flash mwenyewe alinaswa na kokeni, akajinasua. Cowboy, wa kwanza kushika kipaza sauti katika kundi lile, alifariki Septemba 1989 akiwa na miaka 28 baada ya kuzama kwenye kraki, kokeni ya kuvuta. Hakuwepo 2007 walipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki huko Marekani, kundi la kwanza la hip hop kufika pale. Angalianeni, tafadhali. Mwenzenu akianza kupotea mazoezini, mfuateni nyumbani.

Na wewe uliyekwisha kusaini, usikate tamaa wala usikimbilie mitandao. Dai nakala ya mkataba wako kwanza, kwa barua yenye tarehe, ubaki na nakala ya barua hiyo. Wengi wenu hata nakala hamna.