Chama cha nyumba kitusomee hesabu

Mhariri,

NACHU, muungano wa vyama vya ushirika wa nyumba nchini, ulianzishwa mwaka 1979 kumfaa mwenye kipato kidogo, yule ambaye benki humwangalia viatu kwanza. Mpango ni rahisi: mnachanga polepole, mnanunua ardhi pamoja, kisha mnakopa na kujenga chumba kimoja kimoja.

Chama chetu hapa Nakuru kilianza hivyohivyo. Kitabu changu cha akiba kimejaa mihuri hadi jalada limeng'oka. Mwezi jana tulikwenda kuona shamba letu, tukakuta mahindi ya mtu, tena yamepaliliwa vizuri kweli! Katibu akasema hati "iko njiani".

Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024, mshahara wangu hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi kichohicho. Basi nachangia nyumba mara mbili, na bado napanga Kivumbini, ndoo chini ya paa mvua ikinyesha.

Sheria ya ushirika inataka hesabu zikaguliwe kila mwaka na wanachama wasomewe. Sisi mara ya mwisho tulisomewa kabla ya Korona. Afisa wa ushirika wa kaunti aitishe mkutano, na hiyo hati ije mezani.

Mwanachama mchovu,
Kivumbini, Nakuru