Kwa batoto yetu ba-enfirmie ya Goma

Jambo yenu wote, ba zamu ya muchana na ba zamu ya usiku. Miye ni mama wa retreti, hospitali niliacha kitambo, lakini majirani bakitoka kulazwa bananipitiaka na habari yenu, asema hamusikilizane na munalaumu kabila, njo maana naandika.

Mu ekipe moja hapa Goma utakuta Munande, Muhunde, Mushi, Muhavu, wa Kinyarwanda, na mwengine alitoka Kinshasa na Lingala yake. Hiyo haiko shida, bagonjwa nabo banatoka kote kule. Shida ni pale babili banafika ku kitanda banaanza luga yao juu ya kichwa ya mugonjwa, mwenzao wa tatu anabaki anaangalia tu, na mugonjwa anazania banasema atakufa. Mbele yake museme luga yenye anasikia yeye. Na raporo ya asubui, Kiswahili ao Kifaransa, yenye wote munasikia, juu dozi yenye ilisemwa mu luga ya batu babili, wa tatu ataipana tena.

Bakubwa kati yenu munakumbuka Ebola, 2018 mpaka 2020. Kule Beni na Butembo batu baliogopa ma-ekipe ya mbali yenye ilikuja na Lingala na Kifaransa, ata kama chanjo ilikuwa ya kweli. Mutoto wa kwao akitangulia kusalimia, angalau banamusikiliza. Na mazishi pia, familia ikiachiwa iombe na ione mutu wao anazikwa, matata inapunguka.

Basi mukae chini, kila mutu aseme kwao kifo inatangazwa aje, nani anaambiwa wa kwanza, kama kijana mwanaume anaweza kuosha mama mzee. Mutaona hamufanane. Kisha muchague namna moja ya servisi, muiandike ku karatasi, mubandike mu sale ya gardi. Miye ningeanza na hizi: mugonjwa asifunuliwe mwili bila kumuambia na bila rido, na mwenye hajalipa fakturi asiangaliwe vibaya.

Ah, na mambo ya A1, enfirmie wa diplome ya masomo ya juu, na A2, wa diplome ya sekondari! Munalaumu kabila, miye naona diplome njo inawagawanya zaidi. Huyo A2 munazarau njo anajua gardi-malade, ule ndugu mwenye anabaki na mugonjwa, ya kila kitanda kwa jina, sasa mu mukutano yenu aseme yeye mbele. Chef wa servisi asaini ile karatasi wa mwisho, akianza yeye wote mutaitikia tu.