Milima tuliipita usiku, Mhariri

Mhariri,

Ile makala yenu ya Jumapili juu ya familia iliyokwenda likizo Uswisi kwa treni nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa raha na ya pili kwa hasira. Miaka kumi na tisa nanunua gazeti lenu hapa Chumbageni, sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo mmenichokoza.

Sina ugomvi na familia ile. Wamepanda Glacier Express kutoka Zermatt hadi St. Moritz, wameona theluji mwezi wa Julai, wamekula chakula mezani madirisha yamepanda hadi darini, kisha wakaenda Interlaken kukaa baina ya maziwa mawili. Heri yao. Kilichonikera ni pale mwandishi alipomaliza kwa kusema sisi huku tusubiri kwanza reli ya kisasa ndipo tuote likizo za namna hiyo. Reli ipi ya kisasa? Mwenyewe kaandika kwamba treni ile huchukua kama saa nane kwa kilomita 291. Nimefundisha hesabu darasa la sita, hiyo haifiki hata kilomita 37 kwa saa. Ya Uswisi ikijikokota inaitwa utalii, ya kwetu ikijikokota inaitwa ubovu! Na jambo moja hakuliandika: relsi zake zina upana wa mita moja. Mita moja, Mhariri, sawa na hizi zetu za kutoka Tanga kwenda Moshi. Chukueni futi ya fundi cherehani mkapime. Wala si wazee kutushinda. Mwaka 1896, Waswisi walipoanza kutoboa mwamba ili treni ipande Jungfraujoch, huko juu kwenye milima yao ya Alps, gari moshi la Tanga lilikuwa limeshafika Muheza. Letu liliingia Moshi 1911, lao likafika juu 1912.

Mimi ni mtoto wa reli. Marehemu baba alikuwa mtu wa gengi, kazi yake mataluma na nyundo, na tumekulia kota za Mombo. Tulisafiri mchana, machungwa tukinunua Muheza kupitia dirishani, Usambara ikitufuata upande wa kulia mpaka shingo ziume.

Ndiyo maana Juni mwaka jana, shule zilipofungwa, nikawaambia wajukuu zangu watatu: mwaka huu hatuendi Raskazone kuogelea, tunakwenda kuona milima kwa treni. Treni yenyewe inatoka Dar, haiji Tanga mjini, kwa hiyo ilitubidi tuifuate Korogwe kwa basi. Basi la saa nane likaondoka saa kumi, konda akiimba "tunaondoka sasa hivi mama" huku akimnadia kiti changu mtu mwingine. Tukafika, tukakaa stesheni juu ya mabegi, tukala wali wa kwenye hotipoti, giza likaingia. Treni ikaja usiku. Sisemi ilikuwa mbaya. Vitanda vilikuwepo, mkagua tikiti alikuwa na adabu kuliko konda wote niliowahi kukutana nao. Lakini ni usiku! Mdogo wao alibandika uso kwenye kioo, akaziba mwanga kwa viganja, akakaa hivyo muda mrefu, halafu akageuka kuniuliza, "Bibi, mbona najiona mimi tu?" Nilimjibu nini? Mombo niliijua kwa mataa ya hoteli za barabarani. Mazinde, Mkomazi, Buiko, Makanya, yote nimewatajia kwa kukisia, kama mtu anayeonyesha nyumba yake kwa kidole umeme umekatika. Usambara imepita, Upare umepita, na bwawa la Nyumba ya Mungu, ndiyo ziwa letu hilo la safari, limebaki kushoto gizani na samaki wake. Kunapambazuka tuko karibu na Moshi, na Kilimanjaro kajifunika wingu gubigubi. Mkubwa wao akauliza kama milima bado iko mbele. Niliona haya, Mhariri. Nimewatoa watoto Tanga, nimelipa nauli za watu wanne, kwenda kuwaonyesha sura zao wenyewe kwenye kioo.

Mtasema tungerudi kwa basi mchana tuione. Tulirudi kwa basi mchana. Mapazia yamefungwa ili video ionekane, mtu anampiga mtu tangu Same mpaka Mombo. Nikavuta pazia kidogo, kijana wa nyuma akanambia, "Bi mkubwa, jua linaharibu picha." Mombo tukapewa dakika kumi za kuchimba dawa. Mlima umekusimamia kichwani, wewe unawahi foleni ya choo, na soda waliyouziwa wajukuu zangu hapo sitaitaja bei nisije nikapandisha presha. Hizi hoteli za barabarani nazo zinahitaji barua yake.

Halafu mnatuandikia Lushoto ni Uswisi ya Tanzania. Huyo Mswisi aliyeiita kwao Lushoto ya Ulaya mimi sijamsikia.

Sitaki reli mpya. Nataka behewa moja, lifungwe hata nyuma ya mizigo, Jumamosi mbili za Juni na mbili za Desemba. Litoke Tanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lisimame Muheza dakika ishirini kwa ajili ya machungwa, na Mombo nusu saa, watu wanywe chai kwa heshima. Watoto wote wakae kulia wakati wa kwenda na kushoto wakati wa kurudi. Likifika Korogwe apande mtu na ndoo ya maji aoshe vioo, maana vumbi la huko nalijua. Kitambaa asihangaike nacho. Kioo husuguliwa vizuri kwa gazeti, na ile makala yenu nimeshaiweka kando kwa kazi hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga