Mstari wa kaboni kwenye fakitire zetu

Bwana Mhariri,

Lubumbashi hatuna bahari, lakini bili za bahari tunazilipa. Chukua fakitire (ankara) ya kontena la mitumba kutoka Antwerp hadi Dar es Salaam: chini ya nauli, siku hizi kuna mstari wa kaboni, yaani tozo ambayo kampuni ya meli hutuongezea kwa ajili ya hewa chafu ya meli zake. Wengi hulipa bila kuuliza, ilmradi mzigo ufike mpakani Kasumbalesa.

Sina ugomvi na sheria yenyewe. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya unazidai meli kubwa, za ujazo wa tani 5,000 na zaidi, vibali vya hewa chafu: kibali kimoja kwa kila tani ya hewa hiyo. Kampuni isiyovikabidhi hupigwa faini ya yuro 100 au zaidi kwa tani, na ikikaidi mara mbili mfululizo meli zake zaweza kufungiwa bandari za Ulaya. Anayechafua alipe, sawa kabisa.

Ila deni hilo lina mipaka yake. Safari kati ya Ulaya na Afrika huhesabiwa nusu tu. Kwa hewa ya mwaka 2024 kampuni zilidaiwa vibali vya asilimia 40, ya 2025 asilimia 70. Asilimia 100 inaanzia hewa ya 2026. Halafu meli moja hubeba maelfu ya makontena ya kugawana deni hilo. Sisi tunaonyeshwa jumla peke yake, kana kwamba hesabu ni siri ya nahodha.

Mteja wangu mmoja aliagiza vipuri vya magari Shanghai. Mzigo ulikuja Dar bila kugusa Ulaya, na bado fakitire ikawa na tozo ya kaboni ya Ulaya. Nilipompigia wakala wa meli akanijibu: “Papa, ni mashine inaweka yenyewe.” Tuling'ang'ania hadi ikafutwa. Wangapi wamelipa wakanyamaza?

Naomba OGEFREM, ofisi ya serikali yetu ya Kongo iliyowekwa kuwasaidia wenye mizigo, izitake kampuni za meli ziandike njia ya meli na namna tozo ilivyopigwa kwa kila kontena. Na isichelewe. Oktoba 2025, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) kule London liliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kanuni zitakazotoza meli duniani kote. Zikipita, hata mzigo wa Shanghai utakuwa na mstari wake halali, na hapo kumbana wakala kwa simu hakutatosha.

Wakala wa forodha,
Lubumbashi